Sauti ya Ishirini na Tisa

Kwenye kilio cha Blaise walipiga wimbo wetu, na sauti waliyoililia ilikuwa yangu. Nilikuwa nimefika Kolwezi asubuhi ile kutoka Lubumbashi, nimeketi mkekani kati ya shangazi zake, miguu imekufa ganzi, wakati mpwa wake mmoja alipounganisha simu na spika kubwa iliyoazimwa parokiani. Ngoma ikadunda mara nne. Beti ya pili ilipoanza, ile ya shaba, mama mmoja nyuma yangu akapiga yowe: "Eeh Blaise! Musikie! Anasema sawa vile iko hapa na sisi!" Wanawake wakaanza kulia upya. Mama Blaise, ambaye walisema hajafumba macho tangu mwili wa mwanawe uletwe kutoka Mutshatsha, aliyafumba. Mimi nilitazama vidole vyangu. Kazi yangu ni kukata na kusafisha sauti kwenye redio, naweza kusikia mahali mtu alipomeza mate katikati ya tangazo la sabuni, na pale mkekani nilisikia kila kosa nililolificha mwaka tuliourekodi kana kwamba limeandikwa ukutani. Watu wote walikuwa wanamlilia Blaise. Aliyekuwa anaimba ni mimi.

Tulikuwa watatu, na mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane. Wengine wote waliorap Kolwezi walirap magari na manukato na miji ambayo hawajafika. Sisi tulirap masomo. Tulikuwa na wimbo kuhusu logariti, tulikuwa na mwingine kuhusu figo, na nilitumia mwezi mzima kutafuta vina vya hesabu ya pembe tatu. Jina la kundi lilikuwa Tableau, kwa sababu ya jedwali la elementi lililokuwa limebandikwa darasani kwetu, limechanika pembeni na kuliwa na mende chini kabisa, huko kwenye elementi ambazo hakuna anayezihitaji. Blaise ndiye aliyeona kwamba kobalti ni nambari ishirini na saba na shaba ni ishirini na tisa, madini mawili yanayochimbwa kwetu. Alisimama kwenye benchi akaweka kidole. "Muone! Mji yetu yote inalala mu byumba mbili. Na huyu wa katikati anafanya nini?" Wa katikati ni nikeli, ishirini na nane. Trésor akasema huyo atakuwa yeye, kwa sababu yeye amezoea kukaa kati ya watu wawili wanaobishana. Mimi nikawa kobalti. Blaise akawa shaba.

Mavazi alishona Trésor. Alikuwa na mikono ambayo ilielewa vitu kabla ya kichwa chake. Alichukua magunia ya plastiki ambayo wachimbaji hubebea mawe, akayafua mara tatu, akashona makoti marefu yenye kofia. Barakoa alizikata kutoka kwenye bidoni za manjano za mafuta ya mawese, akapaka nambari kwa chokaa kwenye paji la uso. Kwenye matundu ya macho alibandika vipande vya picha za kifua zilizopigwa hospitali, zile nyeusi, ili watu wasione macho yetu. Picha zilikuwa za bibi yake. Kwa hiyo mwaka mzima niliitazama dunia kupitia mbavu za bibi wa Trésor, huku pua yangu imejaa harufu ya mawese ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuiondoa.

Sheria ilikuwa moja, na niliiweka mimi: asituone mtu. Niliwaambia wenzangu ni kwa ajili ya siri, siri inavuta watu. Haikuwa kweli. Niliogopa kuonekana nikikosea. Nilikuwa mtoto wa kurudia daftari zima kwa sababu ya mstari mmoja uliopinda. Nyuma ya bidoni sikuwa msichana, sikuwa Solange, na kama ningekosea angekuwa amekosea nambari. Hata sauti yangu niliificha. Nilijifunza peke yangu, kwenye kompyuta ya zamani, kuishusha mpaka ikawa nzito na ya chuma, kama ya mtu anayesemea ndani ya bomba. Barakoa zilifunga mdomo, kipaza sauti kisingesikia kitu, kwa hiyo jukwaani tulipiga rekodi na kuchezesha miili tu. Nyimbo zilisambaa kutoka simu hadi simu. Nilikuwa nakaa darasani nimeinamia kitabu, nikisikiliza wavulana wa nyuma wakibishana kuhusu vingt-sept, ishirini na saba kwa Kifaransa, yaani mimi.

"Vingt-sept njo mukubwa wao. Ule iko mutu muzima, iko na ndevu."

"Wee ulimuonea wapi?"

"Sauti tu! Labda ni mwalimu wa physique."

"Mwalimu wa physique? Ule anatembeaka sawa bata, na vingt-sept anaruka!"

Nilirudi nyumbani siku ile nikijipapasa kidevu kwa furaha.

Tulirekodi Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha secrétariat ya kaka yake Trésor, pale ambapo watu walikuja kupigisha chapa barua za kuomba kazi na kutoa fotokopi za vyeti vya ubatizo. Kulikuwa na mashine mbili zilizokufa, marundo ya karatasi zilizokataliwa, na godoro tulilolisimamisha dirishani ili kuzuia kelele za barabara. Kabla ya hapo ilikuwa lazima tupite kwa Mama Blaise. Alikuwa anaamini tunakwenda kujifunza kemia, na ukifikiri vizuri hakudanganywa. Alitupatia bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, chikanda ya mizizi na karanga iliyokatwa vipande kwenye sahani ya bati, na kinywaji cha munkoyo katika jagi lenye mfuniko wa kitambaa. "Kuleni, batoto. Kichwa haisomaka na njaa." Blaise alikula huku anasema, na alisema kama alivyopumua: kabla ya kila sentensi alivuta pumzi fupi, kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Ndivyo alivyorap pia. Pumzi, halafu maneno, pumzi, halafu maneno. Mimi nilizichukia pumzi zile. Jioni nilikuwa nakaa kuzikata moja moja kutoka kwenye rekodi, kama mtu anayechambua mchele.

Kisha shule moja ya Fungurume ikatuita kwenye siku yao ya sayansi. Hatukuwahi kutoka nje ya Kolwezi. Nikaandika wimbo mpya, "Katode", kuhusu jinsi shaba inavyosafishwa: vibao viwili ndani ya bafu ya asidi, umeme unapita, shaba chafu inayeyuka kwenye kibao kinachoitwa anode, inasafiri, inajishika safi kwenye kingine, katode. Kule kwetu hata mtoto anajua katode. Anaziona zimepangwa juu ya malori, nyekundu, zinang'aa. Beti ya pili ilikuwa ya Blaise:

*Mi shaba mu aside, nilikuya na matope,*
*umeme inanivuta, naacha buchafu yote,*
*natoka ku anode, nafika ku katode.*

Njiani aliisema bila kosa. Aliisema akitafuna chikanda, aliisema akiruka madimbwi. Akifika mbele ya kipaza sauti, mstari wa mwisho uligeuka: natoka ku katode, nafika ku anode. Shaba ilirudi nyuma. Nikasema, "Non. Rudilia." Akaanza tena. Ikageuka tena. Nilihesabu siku ile mara kumi na tisa, na Jumamosi iliyofuata sikuhesabu tena. Trésor akasema tuiache, nani atasikia? Nikamwambia Fungurume yote itasikia, wale ni watoto wa watu wa mgodi na wa madereva wa malori, watatucheka mpaka tufike nyumbani. Blaise alijipangusa jasho. "Solange, unaniangalia sawa mutu wa kusahihisha examen. Geuka kidogo. Angalia ukuta."

Sikugeuka. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika hapa bila kulipamba. Alinieleza kosa linatoka wapi, lilikuwa linatoka kwenye uso wangu, na alichoomba ni nitazame ukuta. Mimi nilifikiri nikigeuka nitapitwa na kosa lingine.

"Non. Rudilia."

Alikuwa katikati ya mstari, tena kinyume, wakati baruti ya mgodi unaoitwa Mashamba ilipolipuliwa. Ilikuwa kawaida; mara kwa mara mchana madirisha yalitetemeka na vumbi kushuka kutoka kwenye dari, na kila rekodi ya saa ile iliharibika. Godoro lilianguka. Blaise akaangua kicheko. "Munaona? Ata Mashamba inakatala!" Trésor alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisema nilichokuwa nasema.

Jumapili asubuhi, wengine wakienda misani, niliazima ufunguo kwa Trésor nikasema nakwenda kusafisha ngoma. Nilisimama mahali alipokuwa anasimama Blaise. Nilisema beti yake mara moja tu, bila kosa, nikashusha sauti kidogo kuliko nilivyoshusha yangu, nikaipitisha kwenye bomba lile lile la chuma. Ilikuwa Blaise. Ilikuwa Blaise asiyepumua. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikafuta majaribio yake yote. Nakumbuka nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyemaliza kufagia. Nilitaka kuwaambia Jumatatu, halafu Jumatano. Halafu tukawa tayari ndani ya gari la parokia, makoti yamekunjwa miguuni, tunakwenda Fungurume, na Blaise anajisemea beti yake polepole dirishani, vizuri kabisa, anode, katode, anode, katode.

Uwanja wa shule ulijaa. Watoto walipanda hata juu ya ukuta wa vyoo. "Banavala magunia! Banavala magunia ya bachimbaji!" Walicheka, kisha ngoma ikaanza na hawakucheka tena. Nilimaliza beti yangu, nikarudi nyuma hatua mbili, na Blaise akaja mbele, ishirini na tisa ya chokaa kwenye paji. Alikuwa na ishara yake ya mstari wa mwisho: kuinua mikono yote miwili taratibu, kama winchi inayotoa kibao cha shaba kwenye bafu. Maneno yakaanza. Nilimwona akisikia. Usoni hukuona kitu, palikuwa na bidoni tu, lakini mabega yake yalisimama, na mikono ikabaki katikati, kwenye usawa wa kifua, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mgeni. Nilihesabu ngoma mbili. Kisha akaiinua. Akaiinua mpaka juu, kwa wakati, bila kuchelewa hata kidogo, juu ya sauti ambayo haikuwa yake, na uwanja mzima ukapiga kelele "Katode! Katode!" kama watu waliofunga bao.

Kwenye gari hakuvua barakoa mpaka tulipoiacha Fungurume nyuma.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mi."

"Wee peke?"

"Mi peke."

Akavuta pumzi. "Ulisema muzuri," akasema. "Haukukosa."

Heri angenitukana. Trésor alikaa kati yetu, mikono juu ya magoti, akitazama barabara. Jumamosi iliyofuata Mama Blaise alipika kama kawaida, lakini Blaise alisema kichwa kinamuuma, na Jumamosi nyingine pia, na hivyo kundi la Tableau likaisha, bila mtu kutangaza. Baadaye alikwenda Mutshatsha kufundisha kemia. Tulionana mara chache, kwenye arusi, kwenye kituo cha basi. Tulizungumza habari za watu wengine. Kila mara nilikuwa na sentensi tayari, nimeisahihisha vizuri njiani, na kila mara niliona bado haijakaa sawa. Ugonjwa wa figo haukungoja niimalize.

Pale kilioni nilimfuata Trésor nyuma ya nyumba, karibu na masufuria. Siku hizi ana karakana ya kuchomelea, amenenepa, ana alama ndogo za moto mikononi.

"Sikia, vingt-sept," akasema kabla sijafungua mdomo. "Uache."

"Ile haiko sauti yake."

"Mi najua. Nilijua ile siku. Wee ulifikiri mi niko kiziwi?"

"Juu ya nini haukusema?"

"Nikeli iko katikati," akasema. "Njo kazi yake." Kisha akashusha sauti. "Bamama banatulia kidogo na ile chanson. Unataka kuwanyanganya ata ile?"

Nilimtii siku mbili. Siku ya tatu, mikeka imekunjwa na wageni wengi wameondoka, nilimkuta Mama Blaise ameketi kwenye kiti kifupi, anachambua lengalenga ingawa binti zake walimkataza kushika kazi. Nikakaa chini mbele yake. Nikaanza sentensi yangu ya miaka yote, ile iliyosahihishwa, nikaisahau.

"Mama, ile sauti mu chanson haiko ya Blaise. Ni mi. Niliondosha yake, nikatia yangu."

Hakuinua kichwa. Alimaliza shina alilokuwa ameshika, akatupa jani moja la njano.

"Blaise alikuwaka anavuta pumuzi mbele ya kila neno," akasema. "Tangu utoto. Ule wa mu chanson havutake."

"Mama alijua?"

"Mi njo nilimuzala." Alichukua shina lingine. "Alileta telefone, akaitia ku sikio yangu. Anasema, mama, sikia, ule ni mi. Nikaangalia macho yake. Nikamwambia, ndiyo, mwanangu, ni wee, unasema muzuri sana. Ulitaka nimwambie nini?" Nje kuku waligombania kitu. "Alifurahi kwa sababu nilifurahi. Mi nilifurahi kwa sababu alifurahi. Tukabaki vile. Ata ku masomo kule Mutshatsha alifundishaka batoto na yale maneno."

Nilikuwa nalia, na hata hapo sehemu yangu moja ilikuwa inaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nalia, bila mpangilio. Ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Na yake, Solange? Ya kwake uliitupa?"

"Niliifuta, mama."

"Yote?"

Sikujua. Nilimwambia nitatafuta, na alitikisa kichwa kama mtu anayesikia ahadi ya fundi.

Nilirudi Lubumbashi nikafungua kila kitu nilichowahi kuhifadhi. Kulikuwa na diski ya zamani yenye ngoma zetu, vipande vya kelele nilivyokuwa nakusanya: mlango, koleo, treni. Niliisikiliza kila jioni baada ya matangazo. Siku ya nne nikakutana na faili niliyoiita "tir", mlipuko. Nikakumbuka. Ule mlipuko wa Mashamba nilikuwa nimeupenda. Ndio niliokata nikaufanya ngoma kubwa ya "Katode", ile inayodunda mara nne mwanzoni. Sikuuchukua kwa ajili ya Blaise. Nilisahau tu kufuta faili nzima nilimoukata. Nikabonyeza, na kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa pumzi.

Ilikuwa sekunde kumi na moja. Nikafanya ninachojua kufanya. Nilitengeneza toleo la pili lisilo na mlipuko. Nilitengeneza la tatu, ambalo anode na katode nimezibadilisha mahali, silabi iliyomezwa na mlipuko nikaiazima kwenye katode, na Blaise, kwa mara ya kwanza, amesema sawa mbele ya kipaza sauti. Halafu nikatengeneza la nne ambalo mimi simo. Lilikuwa zuri. Lilimalizika na kicheko chake, kimefifia taratibu. Nilipanda basi la Kolwezi na yote manne ndani ya simu, na njia nzima kidole changu kilikuwa juu ya la nne.

Mama Blaise alikuwa chumbani kwake. Juu ya kabati, kando ya picha ya Blaise, palikuwa na bidoni ya manjano iliyokatwa, chokaa imebanduka, ishirini na tisa haionekani ila ukijua iko wapi. Nilisikia harufu ya mawese au nilidhani nimeisikia. Nilimpa simu. Niliweka ile ya kwanza, chafu, kwa sababu kila nyingine nilipoitazama niliona tena mtu anayekataa kugeukia ukuta. Aliishika kwa mikono miwili sikioni, macho yamefumba.

Pumzi. *Mi shaba mu aside.* Pumzi. Nilimwona akipumua naye. *Natoka ku katode, nafika ku ano…* na mlipuko, na godoro kuanguka, na kijana akicheka kwa koo lote: munaona, ata Mashamba inakatala! Kisha, kavu, karibu na kipaza sauti, sauti ya msichana wa miaka kumi na minane asiyecheka: "Non. Rudilia."

Rekodi ikaisha. Nikafungua mdomo kuomba msamaha kwa lile neno la mwisho, kumweleza kwamba naweza kuliondoa, ni kazi ya dakika moja. Mama Blaise hakufumbua macho. Alinyoosha mkono, akanirudishia simu.

"Rudilia," akasema.